Jarida Halifunguki: Uchambuzi wa Kisa cha Jarida la Barua Pepe, Nairobi 1998

Jarida ninalolizungumzia lilikuwa likitoka Nairobi kila mwezi mwaka 1998, kwa Kiswahili, na halikuwahi kupigwa chapa. Lilikuwa na hadithi fupi mbili au tatu, mashairi, makala ya lugha na ukurasa wa vitendawili. Lilitumwa kwa barua pepe kutoka chumba kimoja cha ghorofani katikati ya jiji, chenye kompyuta moja, modemu moja (kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu) na laini ya simu iliyotumiwa pia na ofisi jirani. Jina lake silitaji. Waliolianzisha wapo, na kisa hiki kinafaa kusomwa na yeyote anayewatumia watu maandishi kwa mtambo, bila kujali lilikuwa jarida gani.

Kisa chenyewe ni cha toleo la tano. Lilizua malalamiko mengi kuliko yote yaliyotangulia, na mhariri hakuyaona. Nilipoitwa kusaidia upande wa mitambo, aliniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba wasomaji wa Kenya hawaandiki, kwamba wanaolipenda jarida ni Wakenya na Watanzania walioko vyuoni Marekani na Uingereza, na kwamba huenda lingefaa kuhamishiwa huko kabisa. Alikuwa na barua za kuthibitisha hayo. Zilikuwa nzuri, ndefu, za watu waliosoma kila ukurasa.

Ila jarida lilikuwa na anwani mbili. Ya kwanza iliitwa ya maoni, na barua zake zilisomwa na mhariri. Ya pili iliitwa ya msaada wa kiufundi, na ilijibiwa na kijana wa kujitolea aliyekuja jioni baada ya masomo. Mgawanyo huu ulionekana wa busara: mwenye jambo la fasihi aende huku, mwenye tatizo la kompyuta aende kule. Katika sanduku la pili ndimo walimokuwa wasomaji wa Nairobi, Thika, Eldoret na Mombasa. Walikuwa wameandika, tena sana, lakini karibu wote walikuwa wakisema neno lile lile: jarida halifunguki. Mtu ambaye jarida halijamfungukia hawezi kuwa na maoni kuhusu hadithi. Kwa hiyo sanduku la mhariri lilikuwa limechuja wasomaji kwa ubora wa laini zao za simu, naye akadhani limewachuja kwa mapenzi yao ya Kiswahili.

Hali ya wakati ule yafaa ikumbukwe. Kabla ya katikati ya miaka ya 1990, waliokuwa na barua pepe Nairobi wengi walitegemea Fidonet, mtindo ambao kompyuta moja huipigia nyingine simu, ikaacha barua, ikachukua zilizopo, ikakata. Intaneti kamili ilianza kuuzwa nchini mwaka 1995. Kufikia 1998 ofisi nyingi zilikuwa na anwani moja kwa wafanyakazi wote. Karani ndiye aliyepiga modemu asubuhi na alasiri, akachapa barua kwenye karatasi na kuziweka mezani kwa kila mhusika. Wasiokuwa na ofisi walitumia byuro za kupiga chapa na kutoa kopi, ambazo zilianza kupokea barua pepe za wateja kama zilivyokuwa zikipokea faksi. Msomaji wetu wa Kenya, kwa sehemu kubwa, hakuwa ameketi mbele ya skrini. Alikuwa ameshika karatasi.

Malalamiko yaliyovuka ukuta kati ya masanduku mawili yalivuka kwa sababu yaliandikwa kwa ushairi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Thika alipochoka kuiandikia anwani ya msaada na kujibiwa maelekezo asiyoyaelewa, alituma ubeti. Kijana wa jioni aliuona ni shairi, akaupeleka kwa mhariri, kwani mashairi ni ya mhariri:

Barua yako naona, mistari haisomeki,
Herufi zimefungana, maneno hayatajiki,
Nimewaita vijana, tiba yake haishiki,
Mhariri wetu bwana, jarida halifunguki.

Tarbia kamili: mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Mhariri aliusoma mara mbili, akaniuliza kama ni tamathali. Nikamwambia ni taarifa ya hitilafu, na kwamba ndani yake mna karibu kila kitu fundi anachohitaji. Tukampigia simu siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu. Hiyo karatasi ya jarida bado unayo?"

"Marahaba mwanangu. Ninayo, na nimeilipia."

"Usinieleze programu wala kompyuta. Nisomee tu mstari wa kwanza ulio chini ya salamu zetu."

Akasoma kwa utulivu wa mtu aliyezoea imla: neno begin, tarakimu tatu, kisha toleo5.doc. Nikamwomba mstari unaofuata. "Huu unaanza na M kubwa, halafu ni vurugu. Na wa chini yake M. Na wa chini yake. Yote, mwanangu, yote inaanza na M."

Basi tatizo lilikuwa limejulikana. Barua pepe ilijengwa kwa ajili ya maandishi ya herufi za kawaida, na faili lisilo maandishi, kama la Word, halipiti humo lilivyo. Lazima lisimbwe kwanza, yaani baiti zake zigeuzwe kuwa herufi zinazoweza kusafiri, kisha programu ya mpokeaji iligeuze tena. Njia moja ya kale iliitwa uuencode, iliyotoka kwenye mitambo ya Unix. Kila mstari wake huanza na herufi inayotaja idadi ya baiti zilizomo, na mstari uliojaa una baiti 45, ambazo alama yake ni M. Ndiyo maana ukurasa mzima husimama kwenye nguzo ya M. Njia mpya zaidi, MIME, ilitangazwa mwaka 1992, na programu nyingi za 1998 ziliielewa. Kompyuta ya jarida ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wa kale, na programu ya byuro ya Thika haikujua kuugeuza. Ikaona maandishi, ikayachapa.

Nikafanya hesabu ya karatasi. Toleo la tano lilikuwa na uzito wa kilobaiti 600, karibu zote zikiwa za picha ya jalada. Kwa mistari ya baiti 45, hiyo ni mistari zaidi ya 13,000, na kwa mistari 60 kwa ukurasa, kurasa zaidi ya 200. Fundi wa byuro aliisimamisha printa mapema, lakini Mwalimu alikuwa ametozwa kwa kila ukurasa uliotoka. Alikuwa amelipia nguzo za M kwa pesa za pensheni, kisha akakaa akatunga ubeti wenye adabu. Msomaji wa namna hiyo, kwa maoni yangu, ana thamani kubwa kwa jarida lolote la Kiswahili.

Baada ya simu ile tulibadilisha swali la kwanza tunalomuuliza kila anayelalamika. Kijana wa jioni alikuwa akiuliza, "Unatumia programu gani, toleo la ngapi?" Ni swali la haki, lakini msomaji wa karatasi hana jibu lake, na msomaji wa ofisini huona haya kusema hajui. Sisi tukaanza kuuliza, "Mstari wa kwanza umeandikwa nini?" Kila ajuaye kusoma anaweza kulijibu, na majibu yanatosha. Akisema begin, ni uuencode. Akitaja base64 na kufuatiwa na herufi zisizo na nafasi, ni MIME isiyogeuzwa. Akisema kuna D yenye kistari tumboni na I yenye nukta mbili, faili la Word limefika salama, ila limefunguliwa na programu isiyolijua. Hilo la mwisho lilikuwa la kawaida kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa jarida lilikuwa limehamia Word 97 na faili la Word 97 halifunguki kwenye Word 6 bila kigeuzi cha ziada. Ofisi nyingi za Nairobi zilikuwa bado na Word 6 na hazikuwa na sababu ya kununua nyingine.

Majibu yaliyokuwa yametumwa awali nayo yanastahili kuangaliwa. Yalikuwa sahihi kiufundi: pakua kigeuzi hiki, sakinisha programu ile, badilisha mpangilio huu. Kwa mtu aliye chuoni Boston ni kazi ya dakika chache. Kwa karani anayelipia simu kwa muda, kigeuzi ni kizito kuliko jarida lenyewe, na kompyuta si yake hata aisakinishie programu. Tena tangu 1995, kilipotokea kirusi cha Concept kilichosambaa kupitia faili za Word, wakubwa wengi wa ofisi walikuwa wamekataza viambatisho kutoka kwa wasiowajua. Msaada wetu ulikuwa ukimtaka msomaji abadilike ili alingane na jarida.

Malalamiko mazito kuliko yote, hata hivyo, hayakuhusu kusoma. Karani wa ofisi moja ya usafirishaji kwenye Barabara ya Mombasa aliandika kutoka anwani ya rafiki yake, maana yake mwenyewe haikuwa ikipokea kitu. Tangu tutume toleo la tano, alisema, hajapata barua hata moja ya wateja, na mkubwa wake anamuuliza kila asubuhi. Kijana wa jioni alimjibu kwamba hilo ni suala la mtoa huduma wake, si la jarida.

Lilikuwa la jarida. Barua zikiwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, zilichukuliwa kwa kanuni ya POP3, moja baada ya nyingine. Faili la kilobaiti 600 likishasimbwa huongezeka kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo lilikuwa limepita kilobaiti 800. Modemu ya biti 14,400 kwa sekunde hupitisha baiti 1,800 hivi kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), laini ikiwa safi, nayo barua hiyo huchukua kama dakika saba na nusu. Laini ikiwa na kelele, modemu zikashuka hadi biti 4,800, huchukua zaidi ya dakika 22. Laini yake haikukaa dakika 22 bila kukatika. Na POP3 haina namna ya kuendelea pale barua ilipokatikia: ukipiga tena, inaanza herufi ya kwanza. Isitoshe, barua zinazopaswa kufutwa kwenye seva hufutwa mwishoni tu, baada ya programu kuaga vizuri, na laini ikikatika hakuna kuaga. Kwa hiyo kila asubuhi yule karani alipiga, akalipakua jarida letu nusu, akakatikiwa, akaanza upya, na barua zote za wateja zilizofika nyuma yake zikakaa pale pale. Jarida lilikuwa gogo lililolala katikati ya barabara ya ofisi nzima.

Dawa ya haraka ilikuwapo. Tulimwelekeza amwombe mtoa huduma aifute barua hiyo kwenye seva, na baadaye atumie chaguo la programu yake la kuruka barua kubwa. Barua za wateja zilifika siku ile ile. Lakini dawa ya haraka haigusi chanzo, na chanzo kilikuwa uamuzi wa kuweka jalada la rangi ndani ya faili.

Hapo ndipo tulipobishana na mhariri, na ubishi wake nauheshimu. Alisema Kiswahili kimedhalilishwa vya kutosha kwa kuchapwa kwenye karatasi mbovu, kwamba jarida lina haki ya kuwa na sura, na kwamba maandishi matupu yanafanana na telegramu. Nilimpa mfano wa wenzetu wa awali. TidBITS, jarida la kompyuta za Macintosh lililoanzishwa Marekani mwaka 1990 na Adam na Tonya Engst, lilikuwa mwanzoni faili la programu ya HyperCard ambalo ni wenye Macintosh tu waliolifungua, na mwaka 1992 likahamia maandishi matupu yaliyopangwa kwa utaratibu uitwao setext, ili lisomeke kwenye barua yoyote. InterText, la hadithi fupi, lililoanza 1991 chini ya Jason Snell, lilitoka kwa namna mbili: maandishi matupu kwa kila mtu, na PostScript, lugha ya kupangia kurasa za kuchapwa, kwa mwenye printa ya kuifaa. Wote hao walitaka sura nzuri, ila walianza na kile ambacho kila msomaji anaweza kukipokea.

Kilichomgeuza mhariri, lakini, kilikuwa mashairi. Nilimchapia ubeti wa Mwalimu kwa herufi za upana sawa, kila mstari wa mizani 16 ukiwa na vipande viwili, na mstari mrefu kuliko yote haukufika herufi 45. Barua pepe ya kawaida huvumilia karibu 70. Shairi la Kiswahili lilikaa humo kwa raha, nafasi ikabaki pembeni. Kiswahili pia hakina herufi zenye nukta na vistari juu kama Kifaransa au Kijerumani. Chote kinaandikika ndani ya alama 128 za msingi ambazo kila kompyuta ya wakati ule ilizifahamu. Kwa mtambo maskini, lugha yetu ilikuwa tayari.

Ilibaki alama moja tu, na ilitusumbua. Toleo la kwanza la maandishi matupu lilinakiliwa kutoka Word na kubandikwa kwenye barua, na wasomaji wenye mitambo ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, wakaandika kwamba ng'ombe amekuwa ngÆombe na nyota hazing'ai bali hazingÆai. Word hugeuza alama ya ng' kuwa ile iliyopinda, ambayo kwenye Windows ni namba 146, na namba 146 kwenye DOS ni Æ. Kwingine, ambako mtambo wa kati ulikata biti ya nane, alama ilitoweka kabisa. Tulizima chaguo la alama zilizopinda, tukatafuta na kubadilisha zote kabla ya kila toleo, na nikaomba kila toleo lisomwe kwanza kwenye mashine kuukuu ya DOS iliyokuwa kwenye ofisi ya jirani. Malalamiko ya Æ ndiyo yaliyonifurahisha kuliko mengine, kwani anayeyatoa amefika mpaka kwenye neno.

Toleo la saba lilitoka na uzito wa kilobaiti 45 hivi, sekunde 25 kwenye laini safi, dakika moja na robo kwenye laini mbovu. Juu kabisa liliandikwa uzito wake na orodha ya yaliyomo. Mistari ilikatwa kwenye herufi 68 ili printa ya byuro isiivunje. Jalada halikutumwa kwa yeyote asiyeliomba, na walioliomba walikuwa wa ng'ambo, wakalipata. Anwani ikabaki moja. Barua zote zilipita kwanza kwa mhariri, na kando yake kukawa na daftari lenye safu tatu: msomaji anatokea wapi, aliona nini hasa kwenye mstari wa kwanza, na alisomea skrini au karatasi. Kijana wa jioni ndiye aliyelitunza, naye alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, maana sasa alikuwa akiulizwa kuhusu watu badala ya kuachiwa mashine.

Barua za Kenya zilianza kuhusu hadithi. Mwalimu wa Thika alituma masahihisho ya vina vya mshairi mwingine, makali na ya haki, na yakachapwa. Ikajulikana pia kwamba nakala yake ya karatasi ilikuwa ikizungushwa kwa walimu wa shule mbili, kwa hiyo hesabu yetu ya wasomaji kwa anwani haikuwa na maana upande wa huku.

Karani wa Barabara ya Mombasa hakurudi. Tulimwandikia tukimweleza kwamba jarida sasa ni jepesi, na akajibu kwa mistari miwili ya heshima akiomba anwani ya ofisi iondolewe kwenye orodha, kwa kuwa mkubwa wake ameagiza hivyo. Iliondolewa siku hiyo. Alikuwa ameuliza, katika barua yake ya kwanza kabisa kwa sanduku la msaada, kama ile hadithi ya mfululizo iliyoanza toleo la nne ina sehemu ya pili. Ilikuwamo ndani ya toleo la tano.